Kisu Kifupi Tulichokingoja

Tangu mavuno tulikingoja kisu hiki, na mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha hapa Mbeya kilipotufikia. Ni kifupi mno, makali yake hayazidi upana wa kiganja. Watu wa nyumbani walicheka, wakauliza kama ni kwa kitu hicho tulitoa madebe mawili ya mahindi.

Zamani Wanyiha wa Mbozi waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru ya udongo. Mhunzi wetu hakuyeyusha kitu. Alifua kipande cha springi ya lori, chuma chenye kupinda bila kuvunjika na kushika makali. Tena kisu hakikunjwi. Chuma chapita ndani ya mpini hata mwisho wake, basi hakuna kiungo cha kulegea na kufumba vidole, kama kilivyotufumba kile cha dukani, ambacho kovu lake tunalo.

Tulichuna mbuzi mzima bila kukinoa, na kicheko kikapungua. Lakini hushika kutu upesi. Sharti kikaushwe na kupakwa mafuta kila jioni. Ala yake ya ngozi nayo yabana sana, mtoto hawezi kukichomoa, wala hatuoni haja ya kuilegeza.