Biriani ya Njiani

Barabara ya Mombasa kwenda Lamu ni ndefu, na msafiri mwenye watoto huhesabu vituo vya chakula kabla ya kuhesabu maili. Tulikuwa tumesifiwa mkahawa mmoja ulio kati ya Malindi na Garsen, jina tutalisitiri, kwamba biriani yake humsahaulisha mtu ya nyumbani kwake. Tukawazuia watoto wasiguse mahamri tuliyofungasha.

Sahani zikaja. Wali ulipendeza rangi kwa juu. Chini umekauka, umeshikana mabonge. Nayo biriani ni masala: vitunguu vilivyokaangwa vikakauka, nyama iliyolazwa katika mtindi. Sisi tuliletewa mchuzi wa tungule unaoelea mafuta, na nyama iliyopashwa moto upya. Mama watoto akaonja kijiko kimoja, akauliza kwa upole kama ni ya leo. Kijana akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa imeteremka jikoni sasa hivi.

Hapo ndipo hamu ilipotutoka. Kiporo si haramu. Wangetuambia, huenda tungekila, au tungeagiza chai. Lakini kiapo kwa ajili ya sahani ya wali!

Tulilipa kamili. Adhuhuri tuliiswali Garsen, na watoto wakala mahamri yao garini.