Sauti ya Bibi na Dakika 20

Kompyuta yangu ya zamani ilifika mahali ikawa inawaka dakika 20 tu. Inapata moto, feni yake inalia kama mashine ya kusaga, inazima. Unasubiri nusu saa ipoe, unawasha tena. Niliinunua mtumba mwaka 2013, na kwa miaka yote hiyo ndiyo iliyolisha studio yangu, chumba kimoja pale Isevya, Tabora, chenye magodoro ukutani na dirisha lililozibwa kwa blanketi. Mwezi wa kumi mwaka jana, joto lile la kabla ya mvua, ikachoka. Feni ya chumbani, iliyokuwa inanipuliza mimi, nikaigeuzia kompyuta.

Mpya ilikuja kwa basi kutoka Dar. Aliyeninunulia Kariakoo ni prodyuza mwenzangu, Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu tangu enzi za mababu waliokuwa wakishuka na misafara kwenda pwani. Aliponipigia kuuliza kama mzigo umefika, hakuacha kunichokoza.

"Mzigo mzito mpe nani vile?"

"Mpe Mnyamwezi," nikamjibu.

"Haya, sasa hamisha. Ukishindwa wewe, mababu zako watakushangaa."

Nikacheka. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Ngoja nieleze kwa ambao hawajawahi kukaa nyuma ya meza ya studio. Natumia FL Studio. Ukitengeneza wimbo mle, programu inakuhifadhia faili moja dogo, la FLP. Mimi, miaka yote kazini, niliishi kana kwamba faili lile ndilo wimbo. Kumbe ni kama orodha aliyokuwa nayo mwenye msafara: robota la kitambaa moja, shanga mzigo mmoja, waya wa shaba mzigo mmoja. Orodha inakuambia ngoma iko folda gani, sauti ya mwimbaji iko folda gani, na kila sauti ipite kwenye plagini ipi. Mizigo yenyewe iko kwingine. Siku ya kwanza nilijaza fleshi kwa mafaili ya FLP, nikayafungua kwenye kompyuta mpya kwa furaha zote. Kimya. Programu ikawa inaniuliza: hiki kiko wapi, na hiki, na hiki?

Hapo sijagusa plagini bado. Plagini ni vile vijiprogramu unavyovichomeka ndani ya programu kubwa: kimoja kinakupa kinanda, kingine kinaipa sauti mwangwi, kingine kinainyoosha palipopinda. Nyingi hazihami kwa kunakili folda. Zina mizizi ndani ya Windows, na lazima uzisakinishe upya, kila moja na leseni yake. Na leseni, wapendwa, sikuwa nazo. Nyingi zilikuwa kreki. Nilizipata kwa fleshi kutoka kwa mtu aliyezipata kwa mtu, kama vijana wengi tulioanza hatuna hela, na sisemi hivyo ili nionewe huruma. Kompyuta mpya ilizikamata kama virusi na kuzifuta mbele ya macho yangu. Pengine kweli zilikuwa na virusi.

Siku mbili nzima nikahangaika na jambo moja: plagini ya mwangwi. Dakika 20 zote za kompyuta ya zamani zilikwisha nikitafuta namna ya kuing'oa. Sababu ni wimbo mmoja.

Mwaka 2016 bibi yangu alikuja kutoka Sikonge kutibiwa macho, akakaa nasi wiki tatu. Jioni moja nilimkalisha mbele ya maiki, amejifunika kitenge kichwani, nikamwomba aimbe ule wimbo aliokuwa akiuimba akipepeta mchele. Ni wimbo wa Kinyamwezi, wa kutembelea. Alifundishwa na baba yake, aliyefundishwa na baba yake naye, ambaye alikuwa mpagazi. Mimi nilichukua kama sekunde 40, nikazipitisha kwenye ile plagini ya mwangwi, sauti ikatoka kama ya mtu anayeimba ndani ya pango. Nikaweka ngoma chini yake. Watu waliupenda sana. "Ile sauti ya pango," walikuwa wakisema, "umeitoa wapi?" Nikawa natabasamu tu, fundi mkubwa.

Bibi alifariki 2019.

Siku ya tatu nilikasirika, nikafunga mlango, nikachukua baiskeli nikaenda Kwihara. Siyo mbali, kilomita chache nje ya mji, njia ya vumbi na miembe. Ndipo lilipo tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, baada ya Stanley kumwacha na kwenda pwani. Alikaa pale miezi mitano akisubiri nini? Wapagazi. Bila watu wa kubeba, safari haipo. Shuleni tulipelekwa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nawaza soda.

Safari hii niliwaza wengine. Livingstone alifariki Mei 1873, huko ambako leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliamua kumrudisha pwani kwa miguu. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua na chumvi, wakaufunga, wakabeba. Mwezi wa kumi walifika huku kwetu Unyanyembe wakamkuta Mwingereza, Cameron, naye akawashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Cameron akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu; wao wakaendelea na mwili. Mbele walipoogopa vijiji vitakataa kupitisha maiti, waliufunga upya uonekane robota la kitambaa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Nilikaa chini ya mwembe nikajiona mjinga. Wale waliweza kuachia vyombo kwa sababu walijua mzigo wao ni upi. Mimi siku mbili nzima nimepigania chombo.

Na jambo jingine lililoniuma: majina ya Susi na Chuma tunayo. Babu yake bibi, aliyebeba frasila zake mbili, kilo 32 hivi, kutoka huku mpaka baharini na kurudi, hayumo kwenye kitabu chochote. Kama kuna kitu chake kimebaki duniani, kilikuwa kwenye diski inayowaka dakika 20.

Nilirudi nikikanyaga pedeli kama nafukuzwa.

Nikaacha plagini. Nikafungua folda ambamo FL Studio hutupia kila kitu kilichoingia kwa maiki, kabla hujakata, kabla hujapaka rangi. Mafaili mamia, yote WAV, majina yake namba tupu. WAV haikuulizi leseni. Ni sauti tu, inafunguka popote. Nikaanza kuhamisha yote kwenye hadi diski ya nje. Dakika ya 17 feni ikaanza kulia. Nikaloweka kitambaa, nikakikamua, nikakilaza juu ya kompyuta, jambo ambalo simshauri mtu. Dakika ya 19 ikamaliza. Ikazima yenyewe, kabla sijasema asante.

Usiku nikalipata faili la bibi. Sekunde zangu 40 zilitoka kwenye dakika 14.

Dakika 14! Sikuwahi kurudi kuzisikiliza. Anaimba, anakohoa, jogoo wa jirani anawika. Kisha anaeleza kwamba wimbo una sehemu tatu: ya kuondoka, ya kupanda mlima, na ya kuona moshi wa kambi. Niliyotumia mimi ni ya mlima peke yake. Anataja jina la babu yake, anarudia ili nilisikie vizuri. Anauliza, "Umelishika, mjukuu wangu?"

Na sauti yangu, ya kijana mwenye haraka: "Ndiyo bibi, we imba tu."

Sikuwa nimelishika. Nimelishika juzi, nikiwa na miaka 34, kwenye spika mbili, saa saba usiku. Sitaliandika hapa mpaka ndugu wote walisikie kwa mdomo wake mwenyewe. Nakala ziko tatu: moja kwangu, moja kwa mama mdogo Sikonge, moja kwa yule Mzaramo, ambaye aliposikiliza hakutania kwa dakika nzima.

Baadaye akauliza, "Na pango je?"

"Pango limebaki kwenye mashine ya zamani."

FL Studio nimeilipia sasa, na plagini mbili, taratibu. Na kila wimbo ninaomaliza nautoa vipande vipande kwa WAV, ngoma peke yake, besi peke yake, sauti kavu peke yake, nampa mwenye wimbo aondoke navyo kwenye fleshi. Wengine wananishangaa, wanataka MP3 ya kurusha WhatsApp tu.

Kompyuta ya zamani sijaitupa. Nyimbo za vijana niliowarekodi zinazidi 60, na nyingi zinaweza kufunguka kule tu, na kreki zake na joto lake. Kila jioni naiwasha, natoa wimbo mmoja au miwili, inazima. Zimebaki 31. Leo umeme ukiwepo, zitabaki 30.