Shule Inayoisha Saa Saba Mchana

Mwanzoni mwa mwezi wa tano, watoto wa darasa la nne hapa Bavaria hupewa cheti cha kuvukia shule ya juu, na wazazi wa Munich huwa na namba moja tu midomoni: 2.33. Alama za huku huanza na 1, iliyo bora, na kuishia na 6. Mtoto ambaye wastani wake wa Kijerumani, hisabati na maarifa ya mazingira umefika 2.33 au umeipita kwa ubora, anaruhusiwa kwenda Gymnasium, shule inayoelekea chuo kikuu. Wa 2.66 anaweza kwenda Realschule, shule ya ngazi ya kati. Wanaobaki huelekea Mittelschule, inayoelekea zaidi mafunzo ya kazi, ingawa mzazi anaweza kuomba mwanawe apimwe kwa masomo ya majaribio ya siku tatu. Mtoto huyo ana miaka kumi. Kwetu Tanzania mwenzake wa darasa la nne bado yuko mbali na mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Binti yangu alipita, tukapiga simu Morogoro, vigelegele vikasikika. Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza. Gymnasium ina mitihani mikubwa inayotangazwa mapema, na ina majaribio ya kushtukiza ambayo watoto huyaita Ex: mwalimu anaingia, anagawa karatasi, basi. Darasa la sita inaongezwa lugha ya pili ya kigeni juu ya Kiingereza. Binti yangu alichukua Kilatini. Ukimaliza mwaka na 6 moja, au 5 mbili, katika masomo yanayohesabika, unaweza kurudishwa darasa. Nimemwona mtoto wa miaka kumi na mmoja akishindwa kula asubuhi kwa sababu ya Ex ambayo haikuja siku hiyo.

Hata hivyo sisemi shule ilegezwe. Watoto wanaweza mambo mazito, na wanajua wanapoheshimiwa kwa kupewa kazi nzito. Ninachobishana nacho ni saa saba mchana.

Siku nyingi kengele ya mwisho hulia saa hiyo. Watoto wanarudi nyumbani na mabegi, na sehemu kubwa ya kujifunza inahamia mezani kwa mama. Zipo shule zinazowaangalia watoto hadi alasiri, lakini mzigo wenyewe umepangwa kana kwamba kila nyumba ina mtu mzima aliye huru mchana, anayejua Kijerumani cha kuchambua shairi na anayekumbuka jinsi ya kugawanya sehemu kwa sehemu. Jirani yangu anafanya kazi nusu siku, na huketi na mwanawe mpaka jioni. Wengine wanalipia tuisheni kwa saa. Mimi ni muuguzi; zamu ya mchana inaanza wakati binti yangu anafungua mlango. Kijerumani cha baba yake kinatosha kazini, kwa shairi hakitoshi.

Wajerumani wameambiwa hili siku nyingi. Matokeo ya kwanza ya PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, yalipotangazwa mwishoni mwa 2001 nchi ilitikisika, na lililouma zaidi ni jinsi alama za mtoto zilivyofuata hali ya wazazi wake. Watu wema huniambia kwamba milango haifungwi, kwamba hata aliyepita Mittelschule anaweza baadaye kufika chuo kwa njia nyingine. Ni kweli, wapo waliofika. Lakini mtoto aliyeambiwa akiwa na miaka kumi kwamba mahali pake si pale, huchukua miaka kuliondoa neno hilo moyoni.

Mimi nilisoma katika mojawapo ya shule zetu za vipaji maalumu, zile za akina Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala na Tabora. Tulitoka shule za msingi tulikosomeshwa kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza, na kuanzia siku hiyo baiolojia, jiografia na hesabu vikawa kwa Kiingereza. Wiki za mwanzo nilinakili ubao bila kuelewa. Waliotuvusha ni wenzetu. Usiku baada ya prepu tulifanya diskasheni: aliyeelewa swali alishika chaki, akalieleza kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza cha mtihani, mpaka wa mwisho aseme amepata. Kwa kulieleza, na yeye alizidi kulielewa. Mama yangu alikuwa anauza vitumbua. Hakuwahi kuliona daftari langu la fizikia, na hakuna aliyemtarajia alione.

Sitaki kupapamba kwetu nyumbani. Tulionufaika hivyo tulikuwa wachache. Watoto wengi wa shule za kata wanatembea mbali, wanarudi gizani, na ile lugha inawaangukia bila wa kuwashika mkono. Viboko navyo sivitamani.

Kaka yangu ananiambia, "Dada, mlete huku aanze kidato cha kwanza na binamu zake." Najua anasema kwa upendo. Na nchi inabadilika: sera mpya ya elimu inaleta miaka kumi ya lazima, huku elimu ya msingi ikiwa miaka sita. Lakini nikimpeleka, nitakuwa nimemtoa kwenye lugha moja ya shule na kumtupa katika nyingine, mbali na baba yake, wakati anachohitaji ni wenzake na ubao.

Kwa hiyo siku zangu za mapumziko jikoni kwetu kuna diskasheni. Wanakuja wanne au watano, mmoja familia yake imetoka Eritrea, mmoja Afghanistan, mmoja Mjerumani ambaye mama yake ni mtunza fedha dukani na zamu zake ni kama zangu. Binti yangu anaeleza hesabu. Kilatini anaelezwa yeye. Mimi napika, sifundishi.

Nimeiomba shule ituachie chumba kimoja chenye ubao, saa saba hadi saa kumi, kwa mtoto yeyote anayetaka kubaki. Nimejibiwa kwamba kuna suala la usimamizi na bima. Mama wa Eritrea na mimi tumekubaliana kuliuliza tena pamoja kwenye kikao cha wazazi, na safari hii tumeandika majina ya wazazi walio tayari kukaa na watoto kwa zamu.