Niliacha Kufuata Mapezi

Nimezaliwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mtoto wa mkulima wa mwani. Leo ni muuguzi huko Rotterdam, na likizo zangu nyingi naishia chini ya maji. Nilipotimiza mizamio 47, nikiwa na vyeti viwili vya mafunzo mkobani, ndipo nilipogundua kwamba sijui kupiga mbizi.

Ilikuwa Bahari ya Shamu, upande wa Misri. Tulikuwa sita nyuma ya mwongozaji mmoja, kina cha mita 18, maji maangavu. Mmoja wetu akaanza kuhangaika na miwani yake. Mwongozaji akamshika mkono, akasogea naye pembeni kwenye kina kifupi, akatuashiria tusubiri. Hakuchukua hata dakika 3. Katika dakika hizo mwenzangu, Mholanzi ninayefanya naye kazi wodini, akaniuliza kwa mkono: una hewa kiasi gani? Nikatazama geji. Bar 70. Tuliingia na bar 200, na zile 130 sikujua zimeisha saa ngapi. Akauliza tena: boti iko wapi? Nikageuka kushoto, nikageuka kulia. Kila jiwe lilifanana na jirani yake.

Mwongozaji akarudi, akaonyesha njia, tukamfuata. Hakuna aliyeumia, na chakula cha mchana kililiwa kwa vicheko. Lakini usiku usingizi ulinipaa. Mara 47 zote hizo nilikuwa natazama nini? Nikakumbuka: mapezi ya manjano, mapezi ya bluu, mapezi meusi yenye mstari mwekundu. Nilikuwa nayajua mapezi ya waongozaji kuliko nilivyoijua bahari.

Kosa langu la pili lilikuwa kumlaumu mwongozaji. Nikajiambia ananidekeza, ananinyima uhuru. Dawa ni kutafuta hoteli yenye mwamba wake mbele ya ufukwe, ambako mtu na mwenzake hubeba mitungi yao na kuingia wapendapo, bila mtu wa kuwatangulia. Nikaanza kuandika barua pepe. Hoteli moja ikanijibu upesi kwamba mwamba wake uko wazi mchana na usiku. Nikalipa. Nilipofika, kumbe "wazi" maana yake ni kwamba kila mzamio lazima uende na mtu wao, kwa malipo ya ziada, na chumba cha mitungi kinafungwa saa kumi jioni. Nilinuna wiki nzima.

Baada ya hapo nikajifunza kuuliza. Je, wageni wawili wenye vyeti wanaruhusiwa kuingia peke yao, au lazima wafuatane na mtu wenu? Mnataka cheti cha daraja gani, na mizamio mingapi katika daftari? Mitungi inapatikana kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Mzamio wa kwanza tunafanya na nani? Tunaandika wapi saa ya kuingia na saa ya kutoka, na tukichelewa nani atakuja kututafuta? Swali hilo la mwisho ndilo lililonitengea mchele na pumba. Kuna mahali walinijibu, "Njoo tu, hatuna masharti." Miezi michache kabla ningewaona wakombozi. Safari hii nilifuta jina lao.

Mwenzangu ndiye aliyetaja Bonaire. Ni kisiwa kidogo cha Karibi, karibu na pwani ya Venezuela, ambacho tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi. Mmarekani Don Stewart, aliyefika huko kwa jahazi mwaka 1962, ndiye anayehesabiwa mwanzilishi wa utalii wa kuzamia kisiwani, na maji yote ya pwani yake yamekuwa hifadhi tangu 1979. Huko kuzamia bila mwongozaji ndiyo kawaida. Watu hukodi pikapu, hupakia mitungi nyuma, na huegesha wanapoona jiwe lililopakwa rangi ya manjano kando ya barabara, lenye jina la mahali pa kuingilia.

Nilipouliza kwa nini huko inawezekana, jibu lilikuwa baharini kabla ya kuwa ofisini. Upepo wa kisiwa kile huvuma karibu mwaka mzima kutoka mashariki, kwa hiyo pwani ya magharibi, zilipo hoteli, imekingwa na maji yake huwa shwari. Mwamba huanza hatua chache kutoka ufukweni, kisha hushuka kama mteremko wa kilima. Kupwa na kujaa ni kwa sentimita tu. Nikaipiga picha Jambiani akilini. Kwetu bamvua likikolea, maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Wangwa hukauka hadi mbali, na mwamba wa nje unasubiri huko mawimbi yanakovunjika. Anayeingia bila kujua saa ya maji atatembea juu ya mawe akienda, na mkondo utamchukua akirudi. Kumbe mwongozaji wa kwetu hayupo pale kwa sababu mgeni ni mjinga wala kwa sababu hoteli ina tamaa. Yupo kwa sababu ya maji yenyewe.

Nikataka kukata tiketi siku ileile. Mwenzangu akakataa. "Kwanza mizamio 10 Zeeland," akasema, "na wewe ndiye utakayetangulia."

Zeeland ni kusini-magharibi mwa Uholanzi, na Oosterschelde ni mkono wa bahari ulioko huko. Unashuka kwa ngazi za ukingo wa zege, umevaa suti nzito kama kobe, kwenye maji ya kijani yanayokuonyesha mita 2 au 3 mbele yako. Nilikuwa nimekwepa baridi ile miaka mingi. Sasa hapakuwa na mapezi ya mtu ya kufuata, na hata yangekuwapo nisingeyaona. Mzamio wa kwanza nilizunguka mduara kamili, nikaibukia palepale tulipoingilia. Mwenzangu alicheka mpaka akakohoa.

Lakini polepole mambo yakaanza kukaa. Nikajifunza kusoma dira nikiwa nimeishika mbele ya kifua, mwili umenyooka, kwa sababu ukiinama kidogo nayo inakudanganya. Nikajifunza kuitazama geji kabla haijaniita. Ukiwa mita 10 kila pumzi inakula hewa mara mbili ya juu, na mita 20 mara tatu, kwa hiyo hesabu ya hewa hufanywa kichwani tangu nchi kavu. Nikajifunza pia kwamba huko watu huingia maji yanaposimama, katikati ya kujaa na kupwa, kwa sababu mkondo ukishaanza hauna mzaha. Siku mwenzangu alipokuwa akinifundisha jedwali la maji, nilijikuta namtajia siku za bamvua kabla hajafungua ukurasa, kwa kuukumbuka tu mwezi niliouona jana yake. Akanitazama. "Umejifunza wapi?" Kwa mama, nikamwambia. Nilikuwa nimelisahau somo hilo kwa kuwa halikuja na cheti. Mwezi wa Mei, katika mzamio wa tisa, niliwaona dome waliokuja kutaga mayai, wakibadilisha rangi mbele ya tochi yangu, na nikajua kabisa ukingo uko upande gani.

Tulipofika Bonaire, wenyeji hawakutuachia tu. Kwanza tulilipa ada ya hifadhi, tukaelezwa masharti: usiguse tumbawe, usivae glavu, usichukue kitu. Kisha wakatutaka tufanye mzamio wa majaribio mbele ya hoteli, kupima uzito wa risasi na kuona kama tunaweza kuelea bila kupiga mapezi chini. Zamani ningeona usumbufu. Sasa niliona ni adabu ya mwenye nyumba.

Kesho yake tuliingia wawili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tukaandika ubaoni majina na saa. Tukakubaliana: tutashuka kwa kamba ya boya, hatutapita mita 18, tutaanza kwa kwenda dhidi ya mkondo, na yeyote atakayefika bar 120 wa kwanza, sote tunageuka. Mwamba ubavu wa kushoto tukienda, ubavu wa kulia tukirudi. Chini ya boya nikasimama, nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika ile mizamio 47 ya mwanzo: nikageuka nyuma. Njia ya kurudi haina sura ya njia ya kwenda. Nikaona bonge la zege la kufungia boya, na juu yake tumbawe dogo lenye umbo la sikio la tembo. Nikalitia moyoni.

Tuliona mkunga akichungulia shimoni, na kasa aliyekula bila kutujali. Safari hii niliwaona vizuri zaidi, kwa kuwa nilijua nilipo. Nilifika bar 120 mimi wa kwanza, nikaashiria, tukageuka. Dakika 20 baadaye lile sikio la tembo halikuwapo. Moyo ukapiga. Nikatazama geji: bar 80. Kina: mita 12. Dira: nchi kavu upande wa mashariki, kama jana. Nikatulia, nikahesabu mapigo 30 ya mapezi zaidi, na zege likatokea upande wa kulia. Tukasimama mita 5 kwa dakika 3 kutoa naitrojeni mwilini, tukapanda. Ubaoni niliandika saa ya kurudi kwa mkono uliotetemeka kidogo.

Sikuwachukia waongozaji tena. Nikizamia nyumbani, nampa wa kwetu heshima na ujira wake, na namuuliza maswali mengi mpaka ananishangaa. Ila kabla hajasema tugeuke, huwa tayari ninajua.

Mwaka jana nilikwenda Jambiani. Asubuhi nikamsindikiza mama shambani, mbali ndani ya wangwa, kama nilivyomfuata utotoni, macho yangu kwenye visigino vyake. Aliinama kufunga mwani kambani, amezama katika kazi. Mimi nikaona vumbi la mchanga miguuni mwangu limeanza kusogea kuelekea ufukweni.

"Mama," nikasema, "maji yanarudi."

Akainuka taratibu, akatazama chini, akanitazama mimi. "Haya, mwanangu," akasema akijifunga kanga vizuri, "tangulia."