Mbio Zilizonifundisha Kupunguza Mwendo

Nimekulia Mgogoni, Pemba, na riziki yangu ni bodaboda. Ushuhuda wangu ni huu: kilichoniachisha kwenda mbio barabarani ni mashindano ya magari niliyoyashinda nimekaa kwenye kiti cha plastiki, chumbani kwetu, mbele ya kompyuta. Wazazi wengi hapa wanaamini kuwa magemu ya magari ndiyo yanayowatia vijana wazimu wa mwendo, na siwalaumu. Lakini yaliyonifika mimi ni kinyume cha hayo, na naona ni haki niyaseme.

Kijiweni kwetu sifa ya dereva ilikuwa moja tu: roho ngumu. Anayekata kona bila kugusa breki ndiye fundi. Anayetangulia kufika mjini Chake Chake ndiye mkali. Nami nilikuwa katika kundi hilo. Barabara zetu ni nyembamba, zinapanda na kushuka vilima, na kona zimefichwa na migomba na mikarafuu. Msimu ukifika, watu huanika karafuu kwenye majamvi pembezoni mwa lami. Alasiri watoto wa chuo cha Kurani hutoka kwa mkupuo, wengine wanakimbizana. Nikizipita njia hizo kwa kutegemea macho na bahati, na nikiamini kwamba huo ndio ujuzi.

Mjomba wangu anayeishi Maskati alikuja likizo na mzigo ambao mama aliudhani ni cherehani. Kumbe ni usukani wa kompyuta, Logitech G27, uliokwishatumika, pamoja na gia yake na pedali tatu: mafuta, breki na klachi. "Kule umelala kabatini tu," akaniambia. "Wewe mtu wa vyombo vya moto, utakufaa." Kompyuta ya mtumba nilikuwa nayo. Usukani tukaufunga kwenye meza ya kusomea. Pedali zikawa zinateleza kwenye sakafu ya saruji kila nikikanyaga breki, mpaka fundi seremala aliponikatia ubao wa mvinje, nikazipigilia juu yake, na ubao wenyewe tukaukaza ukutani. Hapo ndipo nilipoanza kuihisi barabara. Usukani ule una mota ndani yake: gari likipita kwenye jiwe, mkono unashtuka, matairi yakipoteza kushika, usukani unalegea ghafla.

Mchezo nilioutumia ni Richard Burns Rally. Ulitoka mwaka 2004, kwa hiyo kompyuta ndogo inaumudu, na wapenzi wa mbio za rali, hasa kundi la RallySimFans lililoanzia Hungaria, wameuendeleza mpaka leo kwa kuongeza magari na njia mpya. Lakini sababu kubwa ya kuuchagua ilikuwa intaneti yetu. Katika mbio za magari yanayokimbia pamoja uwanjani, kila mzunguko wa usukani lazima usafiri mpaka kwenye kompyuta kuu iliyo mbali na majibu yarudi mara moja. Ukiwa na mtandao wa kusuasua, gari lako linarukaruka mbele ya wenzako na unawaharibia wote. Rali si hivyo. Kila dereva anaikimbia njia peke yake, akishindana na saa. Ukimaliza mkondo, yaani kipande kimoja cha rali, muda wako unatumwa, na huo si mzigo wowote kwa kifurushi kidogo. Kwa saa, Mgogoni na Budapest ni sawasawa.

Umeme nao una mambo yake. Tangu 2010 Pemba tunapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, nasi nyumbani tunanunua uniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, kama watu wote. Ukikatika, kompyuta inaendelea kwa betri yake, lakini usukani unakufa mkononi. Katika rali ya mtandaoni hakuna kurudia mkondo. Ukigonga mti, umeugonga. Kwa hiyo nikawa nakimbia baada ya sala ya alfajiri, wakati umeme umetulia na nyumba iko kimya.

Jina la mchezo ule lilinifanya nitake kumjua mwenyewe. Richard Burns alikuwa Mwingereza, bingwa wa dunia wa rali mwaka 2001, na ushindi wake wa kwanza katika mashindano ya dunia aliupata hapa Afrika Mashariki, katika Safari Rally ya Kenya ya mwaka 1998. Akashinda tena Safari mwaka 2000. Alifariki Novemba 2005 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 34. Safari yenyewe ilianza mwaka 1953, ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh, Mkenya, aliishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwishatumika na watu wengine, na nduguye Jaswant akiwa pembeni yake. Habari hiyo ilinipa nguvu kila nilipoutazama usukani wangu wa mtumba.

Nilianza kukimbia kwenye kompyuta kama nilivyokuwa nikiendesha bodaboda, yaani kwa roho ngumu, na kila mara nikaishia porini. Mchezo ule hausamehe. Una shule yake ndani, na huko ndiko nilikojifunza kwa nini. Ukikanyaga breki, uzito wa gari huinamia mbele, na matairi ya mbele, ambayo ndiyo yanayokata kona, yanabanwa chini na kupata kushika. Ukifungulia mafuta mapema, uzito unarudi nyuma na matairi ya mbele yanakuwa mepesi. Gari linalovutwa na matairi ya mbele, kama Peugeot 208 R2 niliyokuwa nikiiendesha, litakwenda moja kwa moja mtini hata uuzungushe usukani mpaka mwisho. Kwa hiyo breki hukanyagwa mapema, gari likiwa bado limenyooka. Kona huingiwa polepole. Mafuta huongezwa pale unapoona njia ya kutokea. Anayeingia kwa kasi ndiye anayetoka amechelewa, na kuchelewa huko anakwenda nako mpaka kona inayofuata.

Jambo la pili ndilo lililonibadilisha zaidi. Dereva wa rali haoni kona, anaisikia. Pembeni yake yupo mwelekezi mwenye daftari, anayemsomea njia kabla hajaifikia: kulia au kushoto, kali au laini, umbali gani, kuna nini nyuma ya kilima. Mchezo una sauti ya mwelekezi wake, lakini maneno yalikuwa ya Kiingereza cha haraka na mimi yalikuwa yakinipita. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akisoma sekondari, akaniuliza: "Kaka, kwa nini tusiandike yetu?"

Tukaizima sauti ya mwelekezi wa mchezo. Katika mazoezi mimi nikiendesha polepole na kutaja nilichokiona, yeye akiandika kwenye daftari la mistari. Ukurasa mmoja naukumbuka vizuri: "Mita mia, kilele, shika kushoto. Breki. Kulia kali, usikate, kisiki. Fungulia." Neno "usikate" alilipigia mistari miwili kwa wino mwekundu. Halafu akaketi kwenye kigoda ubavuni mwangu, kidole kwenye mstari, akawa ananisomea. Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko yangu. Akisoma mapema mno, nasahau, akichelewa, tumeshagonga. Ilimbidi ajue nitakuwa wapi baada ya pumzi mbili. Siku moja nilimkatiza, nikamwambia kona ile si kali kiasi hicho, niache niipige. Akafunga daftari. "Kaka, nikisema kali ni kali. Kama huniamini, jisomee." Nilinyamaza, akafungua tena daftari, tukaendelea.

Nilipomsimulia kwamba Mfaransa Michèle Mouton alishika nafasi ya tatu katika Safari ya mwaka 1983 akiwa na Audi Quattro, mwelekezi wake akiwa mwanamke mwenzake, Mwitaliano Fabrizia Pons, aliandika majina yale mawili kwenye jalada la daftari. Kuanzia hapo hakukubali tena niseme "gari langu". Lilikuwa gari letu.

Hatimaye tukaingia rali moja ya mtandaoni. Ilikuwa ndogo, ya wanaoanza, ya mikondo ya changarawe. Kulikuwa na njia ya Australia iitwayo Mineshaft, na mkondo wa mwisho ulikuwa msitu wa Harwood, kaskazini mwa Uingereza. Orodha ya washiriki ilikuwa na bendera za Poland, Hungaria, Italia, Finland, na moja ya Tanzania. Tulianza hatuna makuu. Mkondo wa kwanza tukawa katikati ya orodha. Mdogo wangu hakuutazama sana msimamo, alitazama daftari. Kila mkondo ulipokwisha aliandika pembeni mahali aliposoma kwa kuchelewa, nami nikamtajia mahali nilipokanyaga mafuta kabla ya wakati. Kadiri mikondo ilivyoendelea, majina yaliyokuwa juu yetu yakaanza kupungua. Mwenye kasi kubwa kuliko wote aligonga na kuvunja gari. Mwingine alipasua tairi kwa kukata kona palipo na mawe. Sisi tulikuwa na kona zetu zilezile, kwa mpangilio uleule.

Harwood tuliingia tukiwa wa pili. Njia ile inakimbia katikati ya misonobari iliyobanana, na changarawe imelegea kingoni. Ukitoka nje kidogo, gurudumu linavutwa. Kuna mahali gari linapanda kilele na kwa muda mfupi huoni chochote ila mbingu. Mtu anayetegemea macho hapo huachia mafuta kwa hofu, au hukanyaga kwa kubahatisha. Mimi nilisikia, "Kilele, nyoosha, mita themanini, kushoto laini, fungulia," kwa sauti ya mtoto wa nyumbani kwetu, na mguu wangu haukutikisika. Tulipofika mwisho muda ukatumwa, ukurasa ukachelewa kufunguka, halafu ukaja: bendera ya Tanzania juu kabisa, kwa tofauti isiyofika sekunde mbili. Yeye alipiga kelele, mama akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Nilipoupitia msimamo baadaye kwa utulivu, niliona jambo ambalo sijaacha kulifikiri. Katika rali nzima hakuna mkondo hata mmoja ambao sisi tulikuwa wa kwanza. Daima kulikuwa na mtu aliyetushinda kwa mkondo ule. Tulishinda kwa sababu hatukuwa wabovu popote, kwa sababu kila kona tulikuwa tunaijua kabla ya kuifikia. Hapakuwa na zawadi ya fedha. Aliyekuwa wa pili, Mpolandi, alituandikia pongezi na kuuliza Pemba iko wapi.

Asubuhi ileile nilitoa honda yangu kwenda kijiweni, na njia niliyoipita maisha yangu yote niliiona upya. Nilitambua kwamba siijui. Naipita tu. Jioni nilichukua daftari jingine, nikaanza kuiandika barabara yetu kama tulivyoiandika Harwood: mahali lami ilipoliwa ukingoni, kalvati iliyotitia, kona inayojifunga baada ya kuonekana laini, nyumba ambayo karafuu zake huanikwa mpaka barabarani, mlango wa chuo na saa watoto wanapotoka. Mvua za masika zikija, nafuta na kuandika upya, maana udongo mwekundu hushuka kwenye lami na mahali palipokuwa salama panateleza.

Sasa ninaingia kona polepole, na wenzangu wamezoea. Nafika Chake karibu saa ileile, maana dakika zinapatikana katika kutosimama ghafla na kutokosea. Yuko bibi mmoja ninayempeleka hospitali kliniki zake zikifika. Zamani alikuwa akinishika mabega kwa mikono miwili. Juzi alishuka, akaniombea dua, akaniambia: "Mwanangu, siku hizi nikipanda kwako nawahi kuumaliza uradi wangu." Nimeshinda rali nyingine baada ya ile, lakini maneno hayo nayaweka juu ya bendera zote.

Wapo waliokwenda mbali zaidi kwa njia hii. Jann Mardenborough alishinda mwaka 2011 mashindano ya GT Academy yaliyowachagua madereva kupitia mchezo wa Gran Turismo, na mwaka 2013 alimaliza wa tatu katika kundi lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Jon Armstrong wa Ireland ya Kaskazini, ambaye ni dereva wa rali wa kweli, alikuwa bingwa wa dunia wa rali ya kompyuta mwaka 2018. Mimi siwaambii vijana wa Mgogoni kuwa watafika Le Mans. Nawaambia jambo la karibu zaidi. Kwenye kompyuta kosa linalipwa kwa sekunde. Barabarani linalipwa kwa roho, na mara nyingi roho yenyewe si ya aliyekosea. Tuna nafasi ya kukosea mahali pasipoua, na kuitupa nafasi hiyo ni hasara.

Jioni, nikipata muda, nawakalisha vijana wa kijiweni kwenye kile kiti cha plastiki. Sharti langu ni moja: hakuna anayekimbia kabla hajaandika njia, na hakuna anayeandika peke yake. Mdogo wangu ndiye anayekagua madaftari, na hana huruma na mtu. Ninaloliomba ni kwamba vituo vyetu vya mafunzo ya amali na shule za udereva ziweke usukani kama huu, japo mmoja, kando ya gari la kujifunzia. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na ya mguu uliovunjika. Na mzazi ambaye mwanawe anapenda magari, asimfukuze kwenye skrini kabla hajakaa naye akamuuliza: kona inayokuja ikoje, na umeijuaje? Akijibu vizuri, mwache aendelee. Huyo tayari anajifunza kuendesha.