Kapasita si Betri

Mwaka jana nilipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Fizikia ya Kidato cha Nne, mada ya elektroniki. Mada hiyo chuoni niliifaulu bila sapu wala presha, kwa hiyo niliingia darasani kifua mbele.

Nikachora ubaoni alama za resista, kapasita, dayodi na transista. Nikaandika maana ya kila kimoja, wanafunzi wakanakili. Kisha nikauliza, "Kuna swali?" Wenzangu mnaijua ile "kuna swali" tunayoisema huku tukiomba lisiwepo.

Kijana wa dawati la nyuma akasimama. "Madamu, umesema kapasita inatunza chaji. Betri nayo si inatunza umeme? Sasa kwa nini tusiweke kapasita kwenye redio, tukaacha kununua betri?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana jibu sikuwa nalo. Fomula niliijua, Q ni C mara V, na nimeiandika kwenye mitihani hadi nimechoka. Lakini kapasita yenyewe sikuwahi kuishika mkononi. Nikamwambia, "Hilo utalisoma Kidato cha Sita. Usitangulie silabasi."

Akakaa. Wiki nzima hakunyoosha mkono tena. Nilijua nimemfanya nini, kwa sababu na mimi nilipokuwa sekondari nilijibiwa hivyohivyo, na ndipo nilipoacha kuuliza nikaanza kukariri.

Jumamosi nikaenda sokoni kwa fundi redio.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Simu imekufa?"

Nikamweleza shida yangu. Akanisogezea kopo la vifaa alivyong'oa kwenye redio mbovu, pamoja na mita ya mshale. "Maana yake unazo kwenye daftari," akasema. "Hapa pima, uone tabia zao."

Nikaanza na resista yenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu, yaani omu 1,000. Mshale ulisimama mahali fulani. Nikageuza nyaya, ukasimama palepale. Resista haina mbele wala nyuma, inabana mkondo kotekote. Dayodi ilikuwa tofauti: upande mmoja mshale ulikwenda, nilipogeuza nyaya ukagoma kabisa. Transista, yenye miguu mitatu, ilipimika kama dayodi mbili zilizokutana kwenye mguu mmoja, besi. Fundi akanionya kwamba ukiunganisha dayodi mbili za kawaida hupati transista. Ndani ya transista mkondo mdogo wa besi unaongoza mkondo mkubwa wa miguu mingine miwili, ndiyo maana mawimbi hafifu ya redio yanageuka sauti ya kujaza nyumba.

Kapasita ilikuja mwisho. Fundi aliigusisha miguu kwa bisibisi kwanza ili chaji yote iishe. Nilipoipima, mshale uliruka, halafu ukarudi taratibu ulikotoka. "Imeshiba," akasema. Hapo ndipo nikaelewa. Niliondoka na vifaa vichache, na onyo kwamba kapasita ya aina ile ukiigeuza miguu inaweza kupasuka.

Jumatatu nikaingia darasani, nikamkuta msimamizi kutoka chuoni amekaa nyuma na fomu yake ya alama. Andalio langu lilisema tunaendelea na mada ndogo nyingine. Nilisita. Kisha nikasema, "Wiki iliyopita mwenzenu aliuliza swali zuri. Nililikwepa kwa sababu sikujua jibu. Leo tutalijibu."

Nikamwita yule kijana mbele. Akaijaza kapasita ya mikrofaradi 2,200 kwa betri ya volti 9, akaiunganisha na ile resista ya omu 1,000 na taa ndogo nyekundu ya LED. Taa ikawaka, ikafifia, na baada ya sekunde chache ikazimika. Akaondoa kapasita akaweka betri. Taa ikawaka, ikaendelea kuwaka.

"Madamu," akasema, "kapasita inatoa ilichopewa tu."

Ndivyo. Kapasita hutunza chaji kwenye mabamba yake, na kadiri chaji inavyotoka, volti nazo zinashuka. Betri ina kemikali ndani zinazoendelea kuisukuma chaji, kwa hiyo volti zake hushuka polepole sana. Ila kapasita hujaa na kumwaga haraka, ndiyo maana redio inaihitaji kutuliza umeme unaoyumba. Kila moja ina kazi yake.

Msimamizi aliandika kwamba sikufuata andalio la somo na muda ulinishinda. Alama zangu za siku hiyo ndizo za chini kuliko zote nilizopata kwenye mazoezi, na siwezi kusema hazikuniuma. GPA ni GPA.

Lakini ninyi mnaojiandaa kwenda mazoezini mwaka huu, kabla ya kuhangaikia andalio, shikeni kwanza kitu mnachokwenda kukifundisha. Kopo la fundi redio halitakiwi kuwa na elimu kuliko maabara yetu ya chuo.

Kipindi kilichofuata yule kijana alinyoosha mkono mara mbili. Swali la pili sikulijua. Nikaliandika pembeni mwa ubao, tukalitafuta pamoja.