Folda Iliyoitwa Muziki

Mamangu hasomi Kiingereza. Husoma Kiswahili, kwa herufi za Kirumi na kwa zile za Kiarabu alizofunzwa chuoni utotoni mwake, na akishika jambo haliachi mpaka alielewe. Jioni moja baada ya Isha, nilipokuwa namfungulia kompyuta asikilize darsa za marehemu baba, aliweka kidole kwenye kioo, juu ya neno nililokuwa nikilibonyeza kila siku, akauliza, "Hapa pameandikwaje?"

"Pameandikwa Muziki, mama."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwani babako alikuwa mpiga gambusi?"

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa karani bandarini Kilindini mchana na mwalimu wa chuo jioni. Alituachia kaseti arubaini na moja za darsa zake, zilizorekodiwa na wanafunzi wake msikitini na barazani. Nilizihamisha kwenye kompyuta moja baada ya moja kwa muda wa miezi mitatu. Joto na unyevu wa pwani vilikuwa vimekwisha kuziharibu. Nyingine zilikatika pale pale baada ya kuchezwa mara hiyo moja ya mwisho. Kwa hiyo sauti ya baba haiko tena penginepo ila ndani ya kompyuta ile, na mimi nilikuwa nimeiweka katika folda ya muziki kwa sababu kompyuta yenyewe ndipo iliponielekeza. Neno lilipokuwa la Kiingereza halikumsumbua mtu nyumbani. Lilikuwa kama nembo kwenye mkebe wa chai, ambayo watu huitambua bila kuisoma. Lilipotamkwa kwa Kiswahili, likawa na maana, na maana ile haikufaa.

"Basi libadili," akasema. "Na ukishabadili hilo, nibadilie na mengine, nami nijue ninapokwenda."

Kompyuta yetu ni kuukuu, nayo yatumia mfumo wa Linux, ule uitwao Ubuntu, niliowekewa na mpwa wangu. Mara ya kwanza mtu anapoingia, mfumo humtengenezea folda nane: ya vitu vilivyo mbele ya kioo, ya nyaraka, ya vitu vilivyoshushwa kutoka intaneti, ya muziki, ya picha, ya video, ya violezo, na ya vitu vya kushirikiana na wengine. Tulikaa mimi na mama, kikombe cha kahawa katikati yetu, tukawa tunatafuta majina.

Picha na Video hazikutuchukua hata dakika. Nyaraka aliipenda mara moja, maana waraka ni neno alilolikuta kwa wazee wake: barua ya posa ni waraka, hati ya nyumba ni waraka. Nilipomwambia kwamba vitu vinavyoshushwa kutoka intaneti wataalamu huviita vipakuliwa, nilidhani atapinga. Akatabasamu. Miaka hamsini amepakua wali sufuriani, akasema, na babangu miaka thelathini aliandika shehena zinazopakuliwa melini. Neno hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu wa nyumba hii. Violezo nako alinishangaza. Mimi nilikuwa sijui folda ile ni ya kazi gani, wala sikuwahi kuifungua. Nikamweleza kama nilivyosoma, kwamba ndani yake mtu huweka mfano wa barua au hesabu, kisha kila mara huutoa na kuanzia hapo. "Ni kama kile kiolezo cha kofia," akasema. Alishona kofia za mkono kabla macho hayajamlemea, na nakshi hakuwa akizibuni upya kwa kila kofia.

Penye ugumu palikuwa pawili. Kile kioo cha mbele, ambacho Waingereza hukiita kwa jina la meza, wafasiri wengi hukiita eneokazi. Mama alilitamka mara mbili, akasema ladha yake ni ya ofisi ya serikali. Tukapaita Mezani. Na ile folda ya kushirikiana na wengine, ambayo mimi nilitaka kuiita Hadhara, yeye aliiita Barazani bila kusita. Kilicho barazani, mpita njia hukiona na akipenda huketi. Cha ndani hakionekani mpaka ukaribishwe. Sijaona maelezo bora zaidi ya folda ile katika kitabu chochote. Angalieni pia alivyotia ile -ni mwishoni. Kwake yeye folda si kitu, ni mahali, na mahali kwa Kiswahili pana namna yake ya kuitwa.

Kazi hii imefanywa na wengine kabla yetu, tena kwa elimu kubwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Ubishi wa maneno nao haujesha: watoto wetu shuleni hufunzwa tarakilishi, na wakitoka nje ya lango husema kompyuta. Mimi nimeandika kompyuta, na mwalimu atakayenisahihisha nitamsikiliza.

Ile ya muziki tuliiita Sauti. Ndani yake mna darsa, mna kisomo, mna maulidi, na hata taarabu ya harusi ya dada yangu, na jina lile halimdhulumu yeyote kati yao.

Nikabadili majina yote usiku ule, kwa kubonyeza folda na kuandika, kama mtu aandikavyo upya kibandiko cha chupa ya achari. Kosa langu lilikuwa hapo. Asubuhi tulipoiwasha kompyuta, folda zilikuwa zimepoteza zile alama zao ndogo, orodha ya pembeni ilikuwa pungufu, na programu ya kusikilizia ikadai kwamba mafaili yote hayaonekani. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Sauti ya babako imekwenda wapi?" Ilikuwapo, haikuwa imeguswa, lakini kwa dakika kadhaa nami pia sikuwa na hakika, na mikono ilinitetemeka.

Baadaye nilielewa. Katika Windows, tangu ile iitwayo Vista, tafsiri ya folda hizi ni vazi tu: faili dogo lililofichwa ndani ya folda huiambia kompyuta ionyeshe jina la lugha ya mwenyeji, na chini ya vazi lile jina la Kiingereza liko pale pale. Katika Linux jina likitafsiriwa ni lenyewe, ndilo lililoandikwa kwenye diski. Kisha kuna faili jingine la maandishi, nalo limefichwa, lenye mstari mmoja kwa kila folda kati ya zile nane, na humo ndimo programu zinamouliza folda ya muziki ni ipi au ya picha ni ipi. Mimi nilibadili jina mlangoni nikasahau daftari. Mfumo ulipoingia asubuhi ukazitafuta folda kwa majina ya zamani, usizione, ukaamua kwamba vitu vyote viwekwe ovyo katika folda kuu ya mwenyewe, kama mzigo uliotupwa uani.

Lau ningalilijua hilo siku ile, hadithi ingaliishia hapa. Badala yake, kwa pupa ya kumtuliza mama, nilitengeneza upya folda ya "Music", nikanakili ndani yake darsa zote, na programu ikatulia. Tukaishi hivyo wiki sita, tuna Sauti na tuna "Music", kitu kimoja kwa majina mawili. Katika wiki hizo alikuja shangazi yangu mkubwa kutoka Lamu, nami nikamrekodi usiku mbili akihesabu nasaba ya upande wa baba na kueleza nani alimwoa nani, na kwa nini nyumba fulani iliuzwa. Kabla hajafunga safari, nikisafisha kompyuta, niliifuta "Music" nikiamini kuwa ni nakala tu, nikalimwaga na lile jaa. Rekodi za shangazi zilikuwa humo. Programu ya kurekodia ilikuwa imeziweka pale bila kuniuliza.

Nilikwenda nikamwambia. Nilimwomba anirudilie. Alirudia, lakini kwa ufupi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema, na lile la nyumba kuuzwa alikataa kulirudia kabisa. "Hilo nilishalisema," alisema. Mama asema alifurahi limepotea.

Siku ya pili nililifungua lile faili lililofichwa, nikaandika majina yetu mstari kwa mstari, Sauti penye muziki, Barazani penye ile ya wote, nikalihifadhi, nikatoka na kuingia tena. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nimeinunulia Sauti kijiti cha kuhifadhia, na kila Ijumaa nainakili kwa mkono wangu, nikihesabu kwanza mafaili ni mangapi.

Siku hizi mama huiwasha mwenyewe. Husoma kwa sauti, "Nyaraka, Picha, Sauti," kidole kikishuka, kisha hubonyeza. Kaseti ya saba huanza na kikohozi cha baba na mtu akisogeza kiti, na yeye hairuki sehemu hiyo.